Vyumba vya hoteli za kasino: ni umri unaoondoa raha au ni vyumba vyenyewe?

MzeeWaShella (Malindi)

Asalaam aleikum wadau, habari za jioni. Nina swali limenikaa kichwani na naomba mnijibu kwa ukweli.

Miaka ya 90 nikiwa kijana wa thelathini na kitu nlikuwa nazungusha Wataliano hapa, Gede, Marafa mpaka Tsavo, na kampuni ikatupeleka Afrika Kusini tukalazwa Sun City, pale penye mahoteli na kasino, kwa ile hoteli ya Palace of the Lost City, wakati huo bado mpya maana ilifunguliwa 1992. Kamari sijawahi kugusa na sitagusa, hilo ni haramu na kwangu halina mjadala, lakini kile chumba wallahi! Dari huko juu, kitanda wangelala watu wanne, bafu marumaru tupu, na pale nje bwawa lenye mawimbi ya mashine, mimi niliyezaliwa nasikia bahari nikasimama nashangaa bahari ya kutengenezwa katikati ya nchi kavu. Usingizi sikuutaka kabisa, nlikuwa naona nikilala nitapitwa.

Sasa nimepita sitini. Mwaka juzi nikalazwa kwa hoteli nyingine ya kasino, ghali vile vile, jina naliacha, na sikusikia kitu. Swichi za taa ni za kugusa kwenye kioo sizioni, AC inavuma usiku kucha, nikiamka kwenda chooni napapasa ukuta, na asubuhi kufika tu mahali pa chai nitembee ukumbi mzima wa mashine na moshi wa sigara. Mama watoto alinyamaza mpaka tulipofika nyumbani ndio akasema kitanda chake cha hapa Shella ni bora.

Watoto wanataka kutulipia safari. Wanasema Las Vegas kwa sababu mmoja wao yuko California, au Sun City tena maana tangu 2023 sisi Wakenya tunaingia Afrika Kusini bila viza. Sasa nauliza, ile raha huwa inaondoka na umri kwa kila mtu? Ama nlikosea chumba tu? Naona uchungu kuwaambia hawa watoto hapana, nia yao ni njema sana.

binti_muyeye

Shikamoo mzee. Mimi nina miaka 24 na hicho chumba nakitaka na sioni haya kusema. Nyumbani tumelala watatu chumba kimoja tangu nizaliwe, kwa hivo chumba changu peke yangu, mlango unafungwa, maji moto muda wote, pazia nikilivuta giza tiii, hiyo kwangu ni raha hata kabla sijaangalia marumaru. Nadhani wewe wakati ule ulikuwa hivo pia, ulikuwa hujapata chumba cha namna ile maishani. Sasa una nyumba yako, una baraza lako, una upepo wa kaskazi, hoteli ikupe nini ambacho huna?

mpwani_vegas

Ami, shikamoo. Mimi ni wa Malindi lakini niko huku Las Vegas miaka mingi sasa na kazi yangu ni vyumba, kwa hivo hili nalisema kwa kuliona kila siku.

Kwanza ujue kile chumba hakikutengenezwa ukae ndani. Zamani hoteli ya kasino iliuza chumba rahisi makusudi, hata kukupa bure, kwa sababu pesa yao inarudi pale chini kwenye meza na mashine. Ndio maana kutoka mapokezi mpaka lifti lazima ukatize kwenye mashine, saa ya ukutani huioni, dirisha hakuna, usijue kumekucha au kumekuchwa. Na sigara hapa Nevada, jimbo letu la Vegas, bado zinaruhusiwa ukumbi wa kamari, ule moshi uliosema ami hukuota. Halafu ikaja hoteli ya Mirage 1989 na volkano yake ya kutengenezwa mbele ya mlango, Bellagio 1998 na chemchemi zake za kurusha maji, Venetian 1999 vyumba vyote ni suiti, yaani chumba chenye sebule yake, na tangu mwisho wa miaka ya 90 hoteli za ile barabara kubwa ya hapa Vegas zikawa zinaingiza zaidi kwa vyumba, chakula na maonyesho kuliko kamari yenyewe. Chumba chenyewe kikawa biashara. Lakini ni biashara ya zile dakika kumi za kwanza unapofungua mlango! Kijana anaishi kwa hizo dakika kumi, anapiga picha, anaoga, anavaa, anatoka, anarudi alfajiri, anatupa viatu analala mpaka saa sita mchana. Mtu mzima anaingia saa tatu usiku na anakaa humo masaa kumi na mbili, na kwa hayo masaa mengine ndio chumba kinajulikana ni kizuri au si kizuri.

Halafu mwili. Hili la macho nilielezwa na daktari wa macho, mtu wa miaka 60 mwanga unaoingia ndani ya jicho lake ni karibu thuluthi moja tu ya unaoingia kwa kijana wa 20, mboni inakuwa ndogo na lenzi inageuka manjano. Sasa chukua hilo jicho ulitie kwenye chumba chenye taa hafifu za mapenzi na zulia jeusi. Zile suiti za Venetian sebule imeshushwa chini, unateremka ngazi ndogo kutoka kitandani, mchana inapendeza sana mashallah, usiku ukiwa umelewa usingizi ni hatari. Hoteli ya Aria iliyofunguliwa 2009 walijisifu kila kitu kinawashwa kwa skrini, taa, pazia, baridi, na nimeona wazee wanapiga simu mapokezi wazimiwe taa. MGM Grand ina vyumba zaidi ya elfu tano, kutoka lifti mpaka mlango wako ni safari. Usingizi nao ukizeeka unakuwa mwepesi na unakuja mapema, ukiwa juu ya klabu ya usiku hulali hata kama godoro ni la pamba ya peponi.

Na huu mji wenyewe hauvumilii kitu kizee. Hoteli ya Tropicana ilikuwako tangu 1957 wakailipua Oktoba 2024, Mirage ilifungwa Julai mwaka huo huo. Kila chumba kipya kinachorwa kwa ajili ya mgeni atakayekuja mara ya kwanza, hawamfikirii yule aliyekuja miaka thelathini iliyopita. Kwa hivo ami usijione una kasoro, wewe umebadilika na wao wanaendelea kumchorea yule kijana wa 1992.

bi_mkubwa_watamu

Mwanangu wa Vegas umesema vizuri lakini kuna kitu umekiacha na ndicho kikubwa.

Mimi nimestaafu. Nimetandika vitanda hoteli za ufuoni hapa Malindi na Watamu maisha yangu yote ya kazi na Wataliano wengi walikuwa wanarudi wale wale, mwaka hadi mwaka, nimewaona wakiwa wachumba, wakiwa na watoto, wakaja na wajukuu. Wakiwa vijana walitaka ghorofa ya juu, kitanda kiangalie bahari, karibu na disko, usiku kasino ile ya Lamu Road, na chumba nikiingia asubuhi utadhani kimbunga kimepita. Walipofika hamsini na kuendelea wakaanza kuniuliza mambo mengine, mama kuna chumba cha chini kisicho na ngazi? godoro gumu? mto wa pili? blanketi kwa sababu AC inawauma mabega? taa ya kusomea? Na kiti cha kwenye veranda, hicho usikiondoe hata siku moja.

Sasa nisikilize kakangu MzeeWaShella. Wale wazee walifurahi ZAIDI. Kijana hakuwahi kunishukuru kwa shuka iliyonyooka, hakuiona. Mzee anaipapasa, anasema brava, yaani hongera. Alikuwa anakaa pale veranda tangu alfajiri anaangalia wavuvi wanarudi na ngalawa, chai yake ya pili, ya tatu, na mchana nikirudi na taulo bado yuko pale uso umetulia. Kwa hivo nakataa kwamba raha huondoka, nakataa kabisa. Raha imehama kutoka macho imekwenda mgongoni na masikioni. Wewe wamekupa chumba cha macho wakati mwili wako unataka kingine, na mke wako alijua ndio maana alinyamaza.

Mlamu_wa_Mkomani

Nawasoma kutoka Lamu. Nyumba zetu za mawe za zamani chumba chembamba sana, upana unafuata urefu wa boriti ya mkoko, lakini kuta nene za matumbawe joto na kelele haviingii, na wazee wetu wanalala humo usingizi mzito. Ukubwa wa chumba sio starehe, naungana na bi mkubwa.

Ila niongeze la kwangu. Mamangu ana zaidi ya sabini na tulimpeleka hoteli moja kubwa, yeye suiti aliipenda mno, na alichopenda ni kwamba wajukuu wote walienea, wengine sofani, wengine chini kwenye zulia, akaswalisha watoto maghrib mle mle ndani. Kasino ilikuwa chini na hakushuka hata kuiona. Pengine mzee wetu hapa alilazwa wawili tu kwenye jumba, na ukubwa ule ukawa upweke.

MzeeWaShella (Malindi)

Nimewasoma wote na Mungu awalipe. Bi mkubwa, nimemsomea mama watoto maneno yako, akasema "huyo ananijua". Na hili la Mlamu limenigusa pia kwa sababu kweli tulikuwa wawili.

Nimeongea na watoto leo. Tutakwenda California, tukae kwa mwanangu na wajukuu, halafu Vegas wote pamoja siku chache ili nao wafurahi na mimi nizione hizo chemchemi za Bellagio nikiwa nimesimama nje na mjukuu mkononi. Mpwani, nielekeze nimwambie mtoto aombe chumba gani, na hiyo bei wanayoandika ndiyo unayolipa?

mpwani_vegas

Hapo sawa ami. Aombe ghorofa za chini karibu na lifti, mbali na klabu, shawa ya kuingia bila kupanda ukingo wa bafu, na vyuma vya kushikia ukutani. Sheria ya Marekani ya 1990 ya watu wenye ulemavu inalazimisha hoteli ziwe na vyumba hivo, ila hivo vimewekewa wanaovihitaji kweli, kwa hivo kama magoti yenu hayana shida aulize tu kama kuna chumba cha kawaida chenye shawa na kishikio. Pia zipo hoteli pale pale mjini ambazo hazina kasino kabisa, Vdara na Four Seasons, hamtapita kwenye moshi, na kwa mtu asiyecheza mimi ningemwambia aanzie hizo.

Bei, kuna ada ya hoteli ya kila usiku juu ya bei ya chumba, kwenye hizi kubwa inaweza kupita dola 50. Tangu Mei 2025 wanatakiwa waonyeshe jumla tangu mwanzo kwa hivo aangalie ile jumla. Jumapili mpaka Alhamisi ni nafuu sana kuliko wikendi. Friji ndogo ya chumbani msiiguse, nyingi zina kihisio, mjukuu akiinua chupa tu inaweza kuandikwa kwenye bili. Na msije Julai, joto linapita 40 na ni kavu, sio hili letu la pwani. Oktoba ni nzuri. Mkifika nitafuteni, nitawapikia wali wa nazi.