Tupeane uzoefu: kitafunwa alichotengeneza mtoto mwenyewe, na kilichofuata

Mama Mapacha
Habari zenu wakuu. Leo nimeingia jikoni nikakuta vipande vya mkate vimekatwa duara kwa mdomo wa kikombe, vimepakwa siagi ya karanga, masikio ni ndizi, macho ni zabibu kavu. Naambiwa, "Mama, huyu ni dubu, tumekubakizia sikio." Nimecheka mpaka hasira ya sakafu ikaisha. Nikakumbuka enzi zangu za kuchanganya maziwa ya unga na sukari na kwenda kulamba chini ya kitanda. Hebu leteni za kwenu. Ya kuwasha moto msiniletee, wangu wana miaka 6.

Kijiko Butu
Maziwa ya unga na sukari! Yale yanayoganda kwenye kaakaa ukiulizwa kitu huwezi kujibu. Ndivyo nilivyokamatwa.

Mzee wa Bisi
Najua umekataza moto lakini hii lazima niiseme. Punje ya bisi ina maji kidogo ndani. Joto likifika kama nyuzi 180 yale maji yamekuwa mvuke, ganda linashindwa kuuzuia, linapasuka. Hayo yote nilimweleza binti yangu wa miaka 9 kwa fahari kabisa, nikatoka kupokea simu. Yeye akaona mfuniko unamzuia kushuhudia huo mvuke. Akaufunua. Hakuungua, namshukuru Mungu, alijificha chini ya meza. Nyuma ya friji bisi zinatoka hadi leo.

Baba Watatu
Mzee wa Bisi, yaani uliacha mtoto na mafuta ya moto ukaenda kwenye simu, halafu unatusimulia unacheka?

Mzee wa Bisi
Nimesema nilikosea wapi? Aa, sikusema. Basi nilikosea.

Shangazi wa Wengi
Mama Mapacha, ndizi mbivu sana, ile yenye madoa. Waimenye, waikate kwa kisu cha mezani, iingie friza usiku kucha, asubuhi wewe uisage kwenye blenda. Inatoka aiskrimu laini bila sukari hata punje. Kazi ya blenda ni yako, usiwaachie.

Baba Watatu
Ya kwangu haitaki friza. Maziwa na sukari kwenye mfuko mdogo, mfuko huo unaingia ndani ya mkubwa wenye barafu na chumvi, watoto wanatikisa kama dakika 10. Chumvi inafanya barafu iyeyuke ikiwa na baridi kuliko kawaida, ndiyo maana maziwa yanaganda. Wavae glavu au wazungushie taulo, ile baridi inauma vidole. Na mfunge mfuko mdogo vizuri jamani. Wa kwetu ulivuja. Mdogo wao alikula yote, akaniambia "tamu, ila kama bahari".

Jino Moja
Nilikuwa nasoma tu, sikutaka kuandika. Neno zabibu limenirudisha mbali.

Mkubwa wangu alikuwa na miaka 8. Alikuwa anatengeneza kiwavi: zabibu mbichi nzima nzima zimechomekwa kwenye kijiti cha kuchokonolea meno, ya mbele inawekewa macho ya mtindi. Kazuri, nikakapiga picha. Nikageuka kuosha vikombe. Mdogo wake wa miaka miwili na nusu akaomba kichwa cha kiwavi, akapewa, kwani kaka ana roho nzuri.

Sikusikia kitu. Hapo ndipo watu hawaelewi, hakuna kikohozi, hakuna kilio. Nilisikia mkubwa anasema, "Mbona hanijibu?" Nikageuka, mdomo uko wazi, macho yamenitazama mimi, midomo inabadilika rangi. Nilimlaza kifudifudi pajani kichwa kikining'inia, nikampiga kwa kiganja kati ya mabega. Moja, mbili, tatu, nahesabu kwa sauti kama mwendawazimu. La nne ikatoka, nzima, haina hata alama ya jino. Akalia. Sijawahi kupenda kilio kama kile.

Ila kinachoniuma ni mkubwa. Wiki nzima hakuingia jikoni. Akaniuliza usiku, "Mama, mimi ni mbaya?"

Shangazi wa Wengi
Uuuwi. Pole mwanangu. Pole sana.

Kijiko Butu
Mimi ningempa maji ateremshe.

Baba Watatu
Maji yapite wapi wakati njia imezibwa? Usimpe mtu maji, na usichokonoe kwa kidole kitu usichokiona, unakisukuma ndani. Makofi matano mgongoni, yakigoma unamkandamiza tumbo mara tano, huyo ni aliyevuka mwaka mmoja. Piga simu ya dharura. Ukishamkandamiza tumbo apelekwe kwa daktari hata kama anacheka.

Mzee wa Bisi
Sisi tulikula zabibu nzima na tuko hai.

Jino Moja
Mkuu, wewe uko hai. Zabibu ya mtoto chini ya miaka 5 ikate kwa urefu, vipande vinne. Kiwavi anapendeza hivyo hivyo. Na bisi zako chini ya miaka 4 hawapewi.

Shangazi wa Wengi
Huyo mkubwa amerudi jikoni?

Jino Moja
Karudi. Yeye ndiye mkata zabibu wa nyumba, hata zangu mimi ananikatia.

Mama Mapacha
Nimeenda kukagua kila dubu mezani. Jamani tuendelee kidogo na michezo, moyo unanidunda.

Baba Watatu
Basi chukua hii. Ile barafu ya kijiti ilianzia kwa mtoto. Mwaka 1905 huko Marekani, Frank Epperson, miaka 11, alisahau kibarazani kinywaji chake cha unga wa soda na maji kikiwa na kijiti cha kukorogea. Usiku baridi ikakigandisha. Hataza, yaani haki ya kisheria ya ubunifu wake, alipata 1924.

Mzee wa Bisi
Miaka 19! Wangu kafunua mfuniko sekunde mbili.

Mama Mapacha
Nimewaambia hiyo habari. Sasa hivi kila kijiko cha nyumba kiko friza.

Kijiko Butu
Samahani, mimi bado niko kwenye maziwa ya unga. Sukari ulikuwa unaweka vijiko vingapi?