Gumzo la ukoo: nguo ya kuogelea ya Kulwa

UKOO WETU MWANZA

Ijumaa

Mama Kulwa: Shikamooni wakubwa. Leo nimeanza kumshonea Kulwa nguo ya kuogelea, mwenyewe hapa nyumbani. Nilizoziona sokoni Makoroboi ama zinambana mabega ama zinaacha mapaja yote nje. Darasa linaanza Jumamosi ijayo.

Neema: Hongera dada! Ila kwani asiende na fulana tu? Sisi Igombe tulikuwa tunaoga na magauni yetu.

Mama Kulwa: Mwalimu amekataa pamba, na nimemwelewa. Pamba inakunywa maji, Neema. Ikishalowa inakuwa mzigo, mtoto hata mkono hauinuki vizuri.

Shangazi Nyakato: Marahaba mwanangu. Kitambaa gani hicho?

Mama Kulwa: Nailoni asilimia 80, spandeksi, ule uzi unaovutika kama mpira, asilimia 20. Meta moja, bluu iliyoiva.

Shangazi Nyakato: Kinavutika urefu na upana, au upande mmoja tu?

Mama Kulwa: Pande zote Shangazi, na nikikiachia kinarudi palepale. Kwanza nilipita soko la Mlango Mmoja nikaona nguo ya mtumba nzuri kweli. Nilipoivuta karibu na sikio ikatoa sauti kama majani makavu. Nikairudisha.

Shangazi Nyakato: Ulifanya vizuri. Ikilia hivyo mpira wa ndani umeshakufa, ungeshona bure.

Bibi Kulwa: Mfunike mjukuu wangu. Mikono ifike kwenye viwiko, miguu magotini.

Mama Kulwa: Sawa Mama, nimekata hivyohivyo.

Bibi Kulwa: Lakini aende akajifunze. 1996 ilipozama MV Bukoba nilikuwa hapahapa mjini. Mji ulinyamaza. Halafu 2018 kivuko cha MV Nyerere kule kisiwa cha Ukara. Ziwa liko mlangoni kwetu na wengi wetu hata kuelea hatujui.

Neema: Kweli kabisa Mama.

Jumamosi

Mama Kulwa: Jamani mshono umekatika. Kulwa aliivaa ikamkaa vizuri, akatembea sebuleni. Nikamwambia achuchumae. Nikasikia ta-ta-ta-ta, uzi umeachia kuanzia katikati ya miguu mpaka nyuma. Mtoto amelia, anadhani ameiharibu yeye.

Neema: Masikini mwanangu 😢 mwambie mama mdogo anamsalimia.

Shangazi Nyakato: Kitambaa kimechanika?

Mama Kulwa: Hapana, kizima. Ni uzi tu.

Shangazi Nyakato: Ulitumia cherehani cha mguu?

Mama Kulwa: Ndiyo, kile alichonipa Mama.

Shangazi Nyakato: Basi ngoja nikuandikie vizuri, na wewe Neema soma. Kile kinashona mshono mmoja tu, wa kunyooka. Mshono wa kunyooka hauna akiba ya uzi. Kitambaa kikivutika, uzi unabaki na urefu uleule, kwa hiyo lazima ukatike. Unahitaji zigizaga, ule unaokwenda kulia na kushoto. Mwili ukivuta, ile mikunjo inanyooka kwanza, uzi hauumii. Upana milimita moja na nusu hivi, urefu mbili na nusu. Na uzi uwe wa poliesta. Wa pamba unaoza kwa maji.

Shangazi Nyakato: Sindano je? Kuna mahali iliruka ikaacha pengo?

Mama Kulwa: Mahali pengi Shangazi! Nikadhani bobini ndiyo mbovu.

Shangazi Nyakato: Bobini haina kosa. Sindano ya kawaida ina ncha kali, inatoboa nyuzi za kitambaa. Omba dukani ya vitambaa vya kuvutika, namba 75/11. Ncha yake ya mviringo, inapita katikati ya nyuzi. Tena usibane kitambaa kwa pini, zinaacha matundu. Tumia vibanio vya nguo vile vidogo.

Mama Kulwa: Naandika yote kwenye daftari.

Shangazi Nyakato: Sasa nipe vipimo. Kifua cha mtoto na kifua cha nguo.

Mama Kulwa: Mtoto sentimita 64. Nguo nayo nimekata 64.

Shangazi Nyakato: Hapo ndipo penye kosa kubwa kuliko la uzi. Nguo hii haikatwi sawa na mwili, inakatwa ndogo. Ukiikata sawa, kavu itamkaa vizuri, ikilowa inalegea, mtoto akiruka majini inamvuka. Kwa 64 kata 57 au 58. Halafu kuna kipimo ambacho wengi wanasahau: weka futi begani, shusha mbele, pitisha katikati ya miguu, panda nayo mgongoni mpaka begani palepale. Ana ngapi?

Mama Kulwa: 112.

Shangazi Nyakato: Iwe 104 au 105. Urefu usipunguze sana kama upana, utamkata mabega.

Masanja: Poleni na kazi. Mimi nauliza, anaogelea wapi?

Mama Kulwa: Bwawani, kaka.

Masanja: Hapo sawa. Nisingependa aanzie pembeni mwa ziwa kwenye matete, kuna konokono wanaobeba kichocho. Vimelea vinapenya ngozi hiyohiyo, nguo haizuii hata ikiwa ndefu.

Jumapili

Mama Kulwa: Jirani ameniazima cherehani cha umeme chenye zigizaga. Nimefumua yote, nimekata upya. Sasa kitambaa kinamezwa na kile kitundu chini ya sindano. Kinavutwa ndani, kinajikunja, uzi unafanya kiota.

Shangazi Nyakato: Chana gazeti vipande vyembamba, tandika chini ya kitambaa, shona pamoja. Ukimaliza unalichana taratibu. Usikivute kitambaa kwa mkono, kiache kiende chenyewe.

Mama Kulwa: 🙏🏾🙏🏾 Kimekubali!! Mshono umelala kama wa dukani.

Mama Kulwa: Umeme umekatika nikiwa nimebakiza lastiki ya miguu.

Shangazi Nyakato: Pata nafasi ya kupima. Tundu la mguu ngapi?

Mama Kulwa: 32 chini ya goti.

Shangazi Nyakato: Kata lastiki 29. Kunja mara nne utie alama za chaki, na tundu hivyohivyo, alama zikutane. Hapo unavuta lastiki peke yake mpaka ifikie kitambaa. Zigizaga iwe pana sasa, milimita tatu. Na bitana umeweka?

Mama Kulwa: Kifuani na katikati ya miguu.

Mama Kulwa: Umeme umerudi saa nne usiku, nimemaliza. Nimemwamsha Kulwa aijaribu, Mungu anisamehe. Amechuchumaa mara kumi. Kimya.

Jumamosi

Mama Kulwa: Tupo bwawani. Ameingia.

Neema: Picha!

Mama Kulwa: Mikono inatetemeka, baadaye. Mwalimu amemlaza chali, amemshika chini ya mgongo.

Mama Kulwa: Amemwachia. Nimehesabu mpaka sita, anaelea mwenyewe.

Shangazi Nyakato: Asante Mungu. Na mshono wa katikati?

Mama Kulwa: Mzima Shangazi.

Shangazi Nyakato: Kabla hamjaondoka suuza kwa maji safi, dawa ya bwawa inakula spandeksi. Usiikamue kwa kuinyonga. Anika kivulini, na pasi isiiguse.

Bibi Kulwa: Mama Kulwa, huyo mwalimu anapokea wazee?

Mama Kulwa: Anapokea Mama. Yupo mmoja hapa ana mvi.

Bibi Kulwa: Basi kesho njoo na futi.