Mrejesho: Ubao wa epoksi na katani uliobaki unanata

Wakuu, niliuliza kwa nini epoksi (gundi ya sehemu mbili, resini na hadina ya kuigandisha, hutoa joto ikigandamana) iliyobaki kikombeni ilichemka ikakauka upesi, ila ubao wa katani ulinata siku 2. Aliyesema nyuzi za katani zina unyevu na zinameza hilo joto la epoksi alipatia. Nimezikausha kwenye oveni nyuzi 80 za Selsiasi kwa saa 4 (nyuzi juu ya nyuzi, Kiswahili hiki!), hadina nikaipima kwa mizani, siyo kwa macho. Ubao mpya ulipogandamana nikaupasha tena kwa nyuzi 60. Sasa ukucha hauingii.

Kasoro moja: nilipouvunja, katani ilichomoka safi, ikaacha vitundu. Gundi haikuishika. Awamu ijayo naziloweka nyuzi kwanza kwenye maji yenye 5% ya magadi makali (kostiki soda, siyo magadi ya kupikia) ili gundi izishike, nisuuze, nikaushe.