Kompresa ya kufunga moja kwa moja kwenye pikapu kwa ajili ya theluji, niiweke wapi?

mtanga_calgary
Habari zenu wakuu. Niko Calgary mwaka wa sita huu, nina pikapu ya Tacoma yenye matairi ya inchi 33 na wikendi natoka na washkaji kwenda barabara za msituni huku magharibi kuelekea milimani, zile ambazo baridi ikiingia hakuna greda linalopita. Kule ndani nashusha upepo toka psi 35 mpaka 12 na gari linapita juu ya theluji bila kuzama, kushusha sina shida nako, shida ni kurudisha. Jumamosi ilikuwa -26, nikatoa kale kapampu kangu ka kuchomeka kwenye tundu la sigara, tairi la kwanza robo saa nzima, la pili fyuzi ikakatika, na mpira wake umekakamaa kama fimbo ya mchungaji. Nikatoka mwendo wa maharusi mpaka sheli ya kwanza, nafika mashine yao ya upepo nayo imeganda!!

Sasa nataka nifunge ya kudumu. Nimeulizia fundi kanitajia bei ya kufunga tu nikaona nitajifungia mwenyewe. Niiweke chini ya boneti au ndani, na je silinda moja inatosha au nichukue ya mbili?

tairi_38
Pole sana bro, hiyo ya fyuzi imetupata wengi. Mimi niko Iceland, naendesha watalii juu ya barafu ya Langjökull na magari ya matairi ya inchi 38 kwenda juu, theluji ikiwa laini tunateremka hadi psi 3, tairi inakaa kama chapati. Kila siku ni kutoa na kujaza. Magari mengine ya kazi huku yako na mipira inaenda mpaka katikati ya kila gurudumu, unajaza ukiwa umeketi tu kwa kiti chako, lakini hiyo ni bei ya kuuza shamba, wewe achana nayo.

Chukua ya umeme ya silinda mbili, kama ile ya kampuni ya ARB. Kwa hizo 33 zako kutoka 12 hadi 35 utamaliza tairi moja kwa dakika mbili hivi. Ya silinda moja itajaza pia, ila utasimama nje sana na -26 si mchezo. Kuna wenye wanageuza kompresa ya AC, inazungushwa na mkanda wa injini na inatoa hewa mingi ajabu, shida ni nyingi zinapata oili kupitia kwa gesi ya AC, sasa ukiipa hewa tupu inajikwaruza inakufa. Kompresa za AC za York za kitambo ndizo ziko na oili yake chini, lakini lazima uchomelewe bano la kuishikilia na upate nafasi kwa injini.

Mahali: ndani ya kabini, chini ya kiti. Chini ya boneti theluji inaingia, inayeyuka na joto la injini, ukizima inaganda kwa filta, kesho kompresa inavuta barafu.

dereva_usiku
Nakubaliana na mkuu hapo juu isipokuwa jambo moja. Mimi naendesha semi, lori la tela, huku Minnesota, breki zetu za upepo, kwa hiyo habari ya maji kwenye mipira ya upepo nimeijua kwa machozi. Hewa ina mvuke, ukiibana inapata moto, ikifika kwenye paipu la baridi inapoa na yale maji yanajitenga, yanakwenda kukaa kwenye kona ya chini au kwenye valvu, yanaganda hapo hapo. Asubuhi breki zimeng'ang'ania na mzigo unasubiriwa. Ndiyo maana lori lina draya ya kukausha upepo yenye hita, na matenki tunayamwaga maji.

Sasa ukiweka kompresa kabini halafu ikavuta hewa ya humo humo umeichimbia kisima. Watu wanne wanapumua, buti zina theluji inayeyuka kwenye kapeti, vioo vinatoka jasho, hiyo hewa ndiyo unaipeleka kwenye mpira ulio -26? Hewa ya nje kwenye baridi hiyo ni kavu mno. Mashine ikae ndani ipate joto, pua yake ya kuvuta hewa itoke nje, juu, theluji isipofika.

tairi_38
Haha hapo umenishika. Huku baridi yetu inazunguka tu sifuri, theluji ni ya maji na upepo unaisukuma kila tundu, pua ikiwa nje inakunywa maji moja kwa moja. Alberta ni kavu, afuate yako.

chalbi_vumbi
Mnanichekesha, sisi huku jangwa la Chalbi, Kenya, tunashusha hiyo hiyo 12 kwa sababu ya mchanga na shida yetu ni kompresa kuchemka mpaka inajizima. Mtanga usisahau tenki la kuhifadhi upepo, siku mdomo wa tairi ukitoka kwa rimu unahitaji hewa nyingi kwa mpigo kuurudisha, utalililia.

dereva_usiku
Kwa 12 mdomo hautoki kirahisi labda akate kona kwa fujo. Kwa kujaza tu tenki halihitajiki, kwenye baridi ni pahali pengine pa kuweka maji. Cha muhimu zaidi, usipime upepo ndani ya gereji yenye joto ukaridhika. Ukijaza 35 kwenye nyuzi 20 ukatoka nje -25 unapoteza karibu psi 8 bila pancha yoyote.

mtanga_calgary
Hii ya psi 8 imenifungua macho, kumbe kila asubuhi nilikuwa namlaumu fundi matairi bure. Na nyaya je?

tairi_38
Silinda mbili inakula ampea 50 na zaidi, kwa hivyo ni moja kwa moja kwa betri, waya mnene, rilei (swichi ya kubeba umeme mkubwa), na fyuzi ikae karibu kabisa na betri si karibu na kompresa. Injini iwake wakati unajaza, betri kwa -18 imebaki kama nusu ya nguvu yake. Mpira wa kwanza unaotoka kwa kompresa uwe wa kusukwa na chuma maana hewa inatoka moto sana, plastiki italainika.

mtanga_calgary
Mrejesho wakuu. Nimeifunga chini ya kiti cha nyuma, pua nimeitoa kwa nyuma ya kabini karibu na paa, imenichukua Jumapili nzima na mke wangu kanuna kwa sababu kapeti niliikata. Jana -19, matairi manne dakika kumi kasoro. Ila la nyuma kushoto likabaki linapiga mluzi, kumbe nilikuwa natembea bila kifuniko cha valvu na barafu imeingia kwenye ile sindano ya ndani, ikabidi nivue glovu niibane valvu kwa vidole mpaka iyeyuke, kidole gumba hakijanisamehe mpaka sasa. Leo nimenunua vifuniko vya chuma vyenye mpira ndani, pakiti ya nane, za ziada nampa mshkaji wa Jeep maana nimeona na zake hazina.