Ajenti wa AI anakosea saa na kukata tiketi mara mbili: maelezo ya zana yaandikweje?

fundi_kodi
Wakuu habarini. Nina seva ya MCP (itifaki ya kuunganisha modeli za AI na zana za nje) ya tiketi za mabasi yenye zana tatu: tafuta_safari, kata_tiketi na pata_taarifa. Nikiziita kwa mkono zinajibu vizuri. Akiziita ajenti, mambo matatu yanaharibika: abiria akiandika "kesho saa mbili asubuhi" anatuma 02:00, mtandao ukikwama anakata tiketi ya pili, na pata_taarifa anaichanganya na tafuta_safari. Maelezo ya kata_tiketi kwa sasa ni "Hukata tiketi", parameta (taarifa inazopokea) ni tarehe, saa, basi na simu, zote maandishi. Nibadilishe modeli?

bi_skima
Modeli iache kwanza. Haioni kodi yako ya programu, inaona jina la zana, maelezo na skima (orodha ya parameta na aina zake), basi. "Pata taarifa", taarifa ya nini? Iite angalia_tiketi, nusu ya mkanganyiko itaisha hapo hapo.

Kata_tiketi iandike hivi:

"Hukata tiketi moja kwa abiria mmoja na kuanzisha malipo. Itumie baada ya tafuta_safari, abiria akishakubali safari na nauli. Haibadilishi wala kughairi tiketi iliyokwisha kukatwa. Hurudisha namba ya tiketi."

Sentensi ya tatu watu wengi huiacha, na ndiyo inayomzuia ajenti kukata tiketi mpya pale abiria anapotaka kuhamisha siku.

Tarehe, saa na basi ziondoe kabisa kwenye kata_tiketi. Ipokee safari_id kutoka kwenye utafutaji, na simu tu. Saa ibaki sehemu moja, tafuta_safari, kwa muundo wa 2025-03-14T08:00:00+03:00, na kwenye maelezo ya parameta hiyo uandike: "Saa ya Kiswahili hupishana na hii kwa saa 6. Saa mbili asubuhi ni 08:00, saa mbili usiku ni 20:00. Abiria akiandika 08:00 kwa tarakimu, usigeuze. Akisema 'saa mbili' tu, muulize."

Mtego mkubwa ni usiku wa manane. "Jumamosi saa nane usiku" ni 02:00, lakini ya Jumamosi au ya Jumapili? Seva irudishe jibu lililokamilika, "Jumapili 16/3, 02:00, saa nane usiku wa kuamkia Jumapili", ajenti amsomee abiria kabla ya kukata.

terminali_kavu
Naungana na dada hapo juu, ila tiketi mbili hazitibiwi kwa maelezo. Jibu la kwanza lilipotea njiani, ajenti akadhani ameshindwa, akarudia. Weka ufunguo wa ombi: ukija ule ule, seva irudishe tiketi ile ile. Usimwachie ajenti autunge, maana akirudia anaweza kutunga mwingine. Utoke kwenye seva: ongeza zana ya shikilia_kiti inayorudisha namba, na kata_tiketi itumie namba hiyo mara moja tu.

Halafu angalia ujumbe wa makosa, nao ni maelezo. "Kosa 400" halimsaidii. Andika: "simu ina tarakimu 10; zinatakiwa 12 kuanzia 255, bila alama ya kujumlisha." Malipo yakikwama: "Hali ya malipo haijajulikana. Usikate upya, ita angalia_tiketi baada ya sekunde 30."

readOnlyHint (alama kwamba zana inasoma tu, haibadilishi kitu) na wenzake kwenye MCP viweke, lakini ni vidokezo tu. Ulinzi uwe kwenye seva.

mpunguza_tokeni
Mimi hesabu ya saa nisingempa modeli. Weka saa (1 hadi 12) na kipindi chenye enum (orodha ya thamani zinazoruhusiwa): alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku. Kodi ndiyo igeuze.

bi_skima
Na abiria anayeandika "8am"? Ajenti atalazimika kugeuza kurudi nyuma, kosa limehama tu.

mpunguza_tokeni
Kweli. Basi pokea njia moja kati ya mbili, muundo wa bi_skima au saa na kipindi, na zikija zote seva ikatae. Angalia urefu pia: maelezo ya zana husafiri na kila ombi. Kwa zana nne si kitu, zikifika arobaini utaona bili. Kinacholemea zaidi ni majibu; rudisha safari 10, si 200, na useme "zimebaki 190, punguza kwa muda."

@fundi_kodi, andika sentensi 20 za abiria jinsi wanavyoandika kweli, "kesho asbh saa 2 Dar Moro" na makosa yake yote. Ziendeshe kila ukigusa maelezo, ukilinganisha zana iliyoitwa na thamani zilizotumwa. Badilisha sentensi moja ya maelezo kwa zamu, la sivyo hutajua ipi imeleta nafuu.