Gari linanipotea kwenye changarawe katika DiRT Rally 2.0: ninunue usukani au nibadili namna ya kuendesha?

Vumbi Jekundu (mwanzisha uzi)

Habari zenu, wakuu. Ninacheza DiRT Rally 2.0, mchezo wa video wa mbio za magari za rally, kwa pedi ya kawaida ya mkononi, na nimefika mahali ambapo nahitaji msaada wa wanaoufahamu mchezo huu kwa undani. Kwenye lami ya Hispania mambo yananiendea vizuri, lakini kwenye changarawe nashindwa kabisa kuelewa gari linataka nini. Nikiingia kona ya wastani na Lancia Delta S4, ama pua inakataa kugeuka na gari linakwenda moja kwa moja hadi kwenye miti, ama mkia unatoka ghafla na gari linazunguka lote. Argentina ndiyo inayonitesa zaidi, kwa sababu njia ni nyembamba na mawe yamejipanga pembeni, kwa hiyo hata kuteleza kidogo kunaweza kuishia kwenye tairi lililopasuka. Na kwa kuwa mchezo huu haukupi nafasi ya kurudisha nyuma sekunde chache, kila tukio la namna hiyo linaharibu hatua nzima, yaani kipande chote cha njia kinachopimwa kwa muda.

Nafikiria mambo matatu: kununua usukani na pedali zake, kubadili mipangilio ya gari, au kuhamia mchezo mwepesi zaidi. Usukani ni gharama kubwa, na nisingependa kuingia humo kabla ya kujua kama kweli pedi ndiyo inayonizuia. Naomba anayeelewa chanzo cha hali hii anieleze kwanza chanzo, kisha tiba.

Fulvia

Ndugu mwanzisha uzi, kabla ya kugusa kitu kingine chochote, shuka kwenye hiyo Delta S4. Ni gari la Kundi B, yaani la kizazi ambacho kilikuwa na nguvu nyingi kiasi kwamba mwaka 1986, baada ya ajali zilizoua watu, uamuzi ulitolewa wa kuyaondoa magari hayo katika mashindano ya dunia. Mchezo umejitahidi kuiga tabia zake, na tabia iliyo ngumu kuliko zote kwa anayejifunza ni wingi wa nguvu: ukizidisha mafuta kidogo tu katikati ya kona, nguvu inayofika inatosha kuyatelezesha magurudumu.

Chukua Mini Cooper S au Lancia Fulvia HF, magari madogo yanayovutwa na magurudumu ya mbele. Usiyadharau kwa udogo wake. Mini ilishinda mbio za rally za Monte Carlo mwaka 1964, 1965 na 1967, na Fulvia ikaibuka kidedea huko huko mwaka 1972. Uzuri wake ni kwamba mwendo ni mdogo, kwa hiyo unapata muda wa kuona kila ulichofanya na matokeo yake. Ukishaweza kumaliza hatua bila kugonga kitu, panda hadi Volkswagen Golf GTI, kisha magari yanayoendeshwa na magurudumu yote manne. Kundi B liache liwe la mwisho.

Kona Sita

Naunga mkono hoja ya gari dogo, lakini nadhani swali kubwa zaidi halijaulizwa: je, unamsikiliza msoma ramani, yule anayekaa kando ya dereva na kumsomea kona zinazokuja, au unaendesha kwa macho? Dalili ulizoeleza, za pua kukataa na mkia kutoka ghafla, mara nyingi ni za mtu aliyeiona kona imeshamfikia. Sauti ya Kiingereza katika mchezo huu ni ya Phil Mills, aliyemsomea ramani dereva Petter Solberg walipotwaa ubingwa wa dunia wa rally mwaka 2003, na anachokisoma kinatosha kuendesha hata ndani ya ukungu.

Namba ndiyo msingi wa yote. Sita ni kona iliyo karibu kunyooka, na kadiri namba inavyoshuka ndivyo kona inavyozidi kuwa kali, hadi moja. Zaidi ya hapo zipo kona za mraba na zile za kugeuka nyuma kabisa. Zoezi ninalolipendekeza ni kuchagua hatua moja fupi na kuirudia katika mbio za kushindana na saa, ukijiwekea gia maalumu kwa kila namba: kwa mfano, nne uiingie kwa gia ya tatu, mbili kwa gia ya pili, na usikubali macho yako yakuambie vinginevyo. Baada ya hapo anza kusikiliza maneno ya ziada. Kona inayojifunga, yaani inayozidi kuwa kali kadiri unavyoendelea ndani yake, ni hatari kuliko kona kali ya kawaida, kwa sababu mwanzo wake unakudanganya. Anapokwambia usikate, yaani usipite karibu na ukingo wa ndani wa kona, amini kwamba kuna jiwe au kisiki ndani ya kona, hata kama huoni kitu.

Fundi wa Difu

Umeomba chanzo, nami nitajibu hilo. Tairi lina kiasi fulani tu cha mshiko, na kiasi hicho linagawa kati ya kusimamisha gari na kuligeuza. Ukikanyaga breki hadi magurudumu ya mbele yakajifunga, mshiko wote umeshatumika na usukani haufanyi kazi tena. Hapo ndipo pua inapokataa. Wengi huongeza kukata usukani, jambo ambalo halisaidii, halafu wakiachia breki magurudumu yanapata mshiko kwa ghafla huku yameshakatwa mno, gari linarushwa upande, na mkia unatoka. Kwa hiyo matatizo yako mawili yana mzizi mmoja.

Tiba ni mpangilio wa matendo. Funga breki gari likiwa limenyooka, mapema kuliko unavyodhani. Unapoanza kugeuza gari, achia breki taratibu badala ya kuitoa yote, ili uzito wa gari uendelee kulala juu ya magurudumu ya mbele na kuyapa mshiko wa kugeukia. Gari likishaanza kuangalia njia ya kutokea, ndipo ukanyage mafuta. Breki ya mkono ibaki kwa zile kona za kugeuka nyuma tu. Kuitumia kwingine kunaua mwendo.

Mipangilio haitaponya tatizo hili, lakini inaweza kulipunguza. Kwenye changarawe legeza springi na inua kimo cha gari, ili tairi lifuate mashimo badala ya kurukaruka juu yake.

Kijiti cha Kushoto

Nacheza kwa pedi tangu DiRT Rally ya kwanza ya mwaka 2015, na kwa maoni yangu usukani unaongeza raha kuliko unavyoongeza kasi. Ingia kwenye mipangilio ya pedi, punguza wepesi wa usukani katika mwendo mdogo wa kijiti, ili marekebisho madogo yawe madogo kweli. Pia hakikisha breki na mafuta viko kwenye vitufe vya nyuma vinavyobonyezwa kwa kiasi. Bila hivyo, ushauri wa Fundi wa kuachia breki taratibu hautekelezeki.

Vumbi Jekundu (mwanzisha uzi)

Nawashukuru sana. Nimeanza na Fulvia kule New England, ambako njia ni pana, na tayari naona tofauti, hasa katika breki. Sasa naomba ufafanuzi wa jambo moja. Katika mashindano ya Poland, hatua ikiendeshwa na magari mengi kabla yangu, gari linavutwa pembeni lenyewe. Je, hilo nalo linatokana na breki?

Fundi wa Difu

Hapana, hiyo ni barabara yenyewe. Katika mchezo huu njia inachimbika kadiri magari yanavyopita, kama ilivyo katika mashindano halisi. Wanaotangulia wanakuta changarawe iliyolegea na wanafanya kazi ya kuifagia. Wanaofuata wanakuta chini pagumu zaidi, lakini pana mifereji ya matairi. Usijaribu kukatiza mifereji hiyo katikati ya kona. Weka magurudumu ndani yake kabla ya kuingia, liache gari liongozwe nayo, kisha toka pale njia inaponyooka. Ukiona tumbo la gari linagusa chini, inua kimo kidogo zaidi ukifika kwenye kituo cha matengenezo.

Kona Sita

Niongeze kwamba Poland ina mwendo wa kasi sana, na kona zake nyingi ni tano na sita zilizojificha nyuma ya vilele. Kwa Fulvia utazimudu. Ukihamia gari kubwa, rudia kwanza zoezi la gia kwenye hatua ya Zaróbka kabla ya kuingia mashindanoni.