Mtungi mmoja au pacha kwa mabaki ya meli mita 30?

ZamaTaratibu:
Wakuu habari zenu, naomba ushauri. Nazamia na mtungi mmoja wa lita 12, mara nyingi kwenye mabaki ya meli mita 25 mpaka 30, siingii ndani naangalia nje tu, na kila mara mimi ndo wa kwanza kufika bar 50 (presha iliyobaki kwenye mtungi) wenzangu bado wana hewa tele. Sasa kuna jamaa anauza mitungi pacha na manifoldi yake (bomba la kuiunganisha), roho inasema chukua mgongo unasema acha. Je kwa mzamiaji wa kawaida ina faida au ni mbwembwe tu?

BahariKuu:
Piga hesabu kabla hujatoa hela mkuu. Lita 12 kwa bar 200 ni lita 2,400 za hewa, toa bar 50 za akiba unabaki na 1,800. Mita 30 presha ni mara 4 ya juu, so kama ukiwa juu unavuta lita 20 kwa dakika kule ni 80, hapo una dakika 22 hivi na kushuka na kupanda bado hujaweka. Halafu cheki majedwali ya uzamiaji ya muda wa kukaa chini, kwa hewa ya kawaida mita 30 unapewa kama dakika 20 tu kabla hujaanza kudaiwa kusimama njiani wakati wa kupanda. Kwahiyo hata ubebe minne, mwili una naitrojeni ileile kutoka kwenye hewa unayovuta, na hiyo ndo inakulazimisha kusimama. Shida yako ni pumzi, nadhani una risasi (vyuma vya uzito) nyingi kiunoni unapiga mapezi muda wote ili usizame

mama_matumbawe:
BahariKuu hesabu iko sawa ila pacha sio ya kuongeza muda jamani, ni ya siku kitu kinapoharibika. Manifoldi ya kutenganisha ina vali 3, regyuleta (kifaa cha kuvutia hewa) moja ikianza kumwaga hewa (maji ya baridi inaganda hivi hivi) unafunga vali yake unahamia nyingine na hewa ya mitungi yote bado unaipata. Ikivuja shingoni kwenye mtungi unafunga ya katikati unaokoa nusu. Ukiwa na mmoja kwa kina hicho unaisha dakika chache, unabaki kumtegemea mwenzako, na mwenzako wa mabaki ya meli kawaida yuko mbali anapiga picha 😅 Lakini vali zenyewe ziko nyuma ya kichwa. Kama mkono haufiki umebeba chuma tu.

nusu_samaki:
Na chuma chenyewe sio mchezo, pacha za lita 12 na mazagazaga yake inakaribia kilo 40 nchi kavu, ngazi ya boti utaijua. Hewa peke yake ikijaa ni karibu kilo 6, ukiwa na suti nyembamba na koti la kuelea likatoboka ukianza tu kuzama, kupanda kwa miguu sahau. Mi ningechukua mtungi mdogo wa lita 3 na regyuleta yake. Bar 200 ni lita 600, hata ukihema kwa hofu lita 30 kwa dakika, dakika moja chini, tatu za kupanda na tatu za kusimama mita 5 unatumia kama 480. Inatosha kabisa kukufikisha juu. Siku ukianza kuzamia kwa kusimama njiani au kuingia ndani ya meli, hapo pacha haina mjadala.

ZamaTaratibu:
Asanteni sana, risasi napunguza kesho. Nimeenda kuzijaribu zile pacha kwa jamaa, kulia nafika, vali ya kushoto naigusa kwa ncha za vidole tu, bega hili lina shida ya zamani

mama_matumbawe:
Mara nyingi mitungi inakuwa imefungwa chini sana, mwambie aipandishe kidogo ujaribu tena ukiwa umevaa suti yako ndani ya maji. Ikishindikana angalia kubeba ubavuni, vali zinakaa mbele unaziona kabisa na boti unakabidhiwa mmoja mmoja ukiwa tayari majini. Ila usinunue kabla ya kozi, kuna mambo ya kubadilisha regyuleta ili mitungi iishe sawasawa.